Boti ya asubuhi kwenda Zanzibar: gari tuliache wapi Dar, na bandarini tufikeje?

Msafiri wa Goba

Habari za jioni wakuu. Tunakwenda Unguja kwenye harusi ya mdogo wangu: mimi, mke wangu, watoto wawili na mama mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Kuondoka ni Ijumaa, kurudi Jumatatu. Tiketi sijakata. Nilikuwa naiwazia boti ya saa moja asubuhi ili tufike mapema tushike kazi za shughuli.

Kinachonisumbua ni gari. Nakaa Goba. Niliendeshe hadi mjini nililaze huko siku zote hizo, niliache njiani, au libaki nyumbani tutafute usafiri? Kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja ananiambia pembeni ya Sokoine Drive panatosha kabisa. Mwingine anasema nikifanya hivyo nitalikuta limefungwa mnyororo au limevutwa. Tutakuwa na mabegi na katoni ya vyombo vya zawadi. Naomba wenye uzoefu, hasa aliyewahi kusafiri na mzee.

Kondakta Mstaafu

Mkuu, usianze na gari, anza na boti. Saa ya boti ndiyo itakayokuchagulia usafiri.

Boti za kasi kutoka Dar zimezoeleka kuondoka saa moja asubuhi, saa tatu na nusu, saa sita na nusu mchana na saa kumi jioni. Baharini ni kama saa mbili. Ukikata ya saa moja, uwe getini saa kumi na mbili, maana kuna kuonyesha kitambulisho, mizigo kupita kwenye mashine, foleni ya kuingia, na bibi hawezi kukimbizwa. Kutoka Goba hiyo ni kuamka usiku wa manane. Uzuri wake ni kwamba barabara inakuwa nyeupe. Mtu anayetoka Goba saa kumi na nusu alfajiri anafika mjini bila kugusa breki sana.

Boti ya saa tatu na nusu ndiyo inayowadanganya watu. Wanaiona ya kistaarabu, watoto wanapata chai, halafu wanaingia barabarani saa moja pamoja na kila mfanyakazi wa jiji hili. Bagamoyo Road kuanzia Mwenge mpaka Morocco unakaa, trafiki anaita upande mwingine, wewe unaangalia saa. Nimefanya kazi njia hiyo miaka mingi. Nimeshuhudia abiria wa Zanzibar wakishuka kwenye daladala Morocco na kupanda bodaboda na begi kichwani.

Kwa familia yenye mzee ningekata ya saa sita na nusu. Mnatoka Goba saa tatu asubuhi wakati foleni ya kuingia mjini imeshapungua, mnafika saa nne na ushee, mnakaa, mnakula, mnapanda bila presha. Unguja mnashuka saa nane na nusu mchana. Shughuli ya Ijumaa usiku mnaiwahi.

Sasa gari. Liache nyumbani. Nitarudi kueleza kwa nini, ngoja nisikie wengine.

Mama Sabra

Mimi nimempeleka mama mkwe Unguja zaidi ya mara moja, na naye miguu inamsumbua. Naomba niseme kabla hamjaanza kumpigia debe mwendokasi.

Mwendokasi una sifa moja kubwa kwa mzee: kituo kiko usawa wa mlango wa basi, hakuna kupanda ngazi. Anaingia kama anaingia chumbani. Lakini hiyo ni pale basi linapokuwa na nafasi. Asubuhi pale Kimara, kituo cha kupandia, ni kusukumana. Mzee hawezi kusimama kwenye ule umati, na mabegi manne mtayashika vipi na watoto mnawashika vipi?

Mchana ni habari nyingine. Kuanzia saa nne watu wamepungua, unaweza kuacha basi moja likapita ukasubiri lenye kiti. Shuka Posta ya Zamani. Kuna kituo cha Halmashauri ya Jiji kabla yake, nacho si mbali. Kutoka hapo getini ni mwendo wa miguu wa mtu mzima. Kwa mama mwenye magoti si mwendo wa kudharau, hasa jua la mchana na kuvuka Sokoine Drive.

Nilichojifunza ni kumgawa msafara. Mama mkwe na mtoto mdogo na mizigo wanapanda teksi hadi mlangoni. Sisi wengine tunakuja na mwendokasi. Teksi moja badala ya mbili, na mzee hajachoka kabla ya safari.

Fundi wa Keko

Mkuu mleta uzi, ushauri wa kuegesha pembeni ya Sokoine Drive upuuze. Ile ni barabara ya mabasi ya mwendokasi, ni barabara ya ofisi za serikali, na mbele ya bandari askari wapo muda wote. Pale unasimama, unashusha watu, unaondoka. Dakika chache tu. Ukiweka gari ukapanda boti, usitegemee kulikuta.

Na Jumapili ndiyo kabisa. Kanisa la Mtakatifu Yosefu liko ng'ambo ya barabara kutoka bandarini, Azania Front liko mbele kidogo kuelekea Kivukoni. Ibada ikianza, kila upenyo unajaa magari ya waumini.

Nikija kwenye majengo ya maegesho ya kulipia, mimi yalinikuta. Niliacha gari kwenye jengo moja la katikati ya jiji, sitalitaja, nikaenda Unguja kikazi. Niliporudi vioo vya pembeni vyote viwili havipo. Mlinzi wa zamu ile hakuwa yule niliyemkabidhi gari. Ofisi ikanionyesha kibao ukutani: magari yanaegeshwa kwa hatari ya mwenyewe. Basi. Hakuna fidia, hakuna maelezo. Tangu siku hiyo gari langu haliendi kulala mjini.

Mhasibu wa Samora

Pole sana Fundi, lakini nisingependa watu waondoke hapa wakidhani majengo yote ni hayo. Nafanya kazi Samora, nakaa na watu wanaolaza magari mjini kila wiki. Tofauti iko kwenye maswali unayouliza kabla ya kuzima injini.

Uliza kama jengo linakubali gari kulala. Mengi yamepangwa kwa ajili ya wafanyakazi na wateja wa mchana, geti linafungwa usiku, na wikiendi wengine hawafungui kabisa. Ukirudi Jumapili jioni utakuta kufuli. Uliza bei ya siku nzima, usikubali kuhesabiwa kwa saa. Uliza stakabadhi iandikwe namba ya gari, tarehe na saa ya kuingia. Uliza kama kamera zinafanya kazi na zinaangalia upande utakaoegesha. Kisha zunguka gari na simu yako, piga picha pande zote nne, vioo, taa, na namba ya maili kwenye dashibodi. Mlinzi akiona unafanya hivyo mbele yake, anajua gari hilo lina mwenyewe.

Kibao cha hatari ya mwenyewe kipo karibu kila mahali, kwa hiyo usikitumie kuchagua. Chagua kwa taa, geti na mtu.

Kuhusu maegesho ya barabarani: ushuru wake siku hizi unahesabiwa kwa namba ya gari. Mkusanyaji anapiga namba yako kwenye mashine yake, deni linaingia kwenye mfumo, unalipia kwa simu kwa namba ya malipo. Uwepo usiwepo, deni linaendelea kusoma kila anapopita. Mtu akiacha gari barabarani siku kadhaa atakuja kukuta rundo la madeni, na yasipolipwa kwa muda wake yanazaa faini. Barabarani ni pa saa moja mbili, si pa kulaza gari.

Kwa mtu mmoja anayekwenda asubuhi na kurudi jioni ya siku hiyo hiyo, jengo la kulipia Samora au mtaa wa jirani ni jibu zuri. Kwa wewe mwenye siku tatu nne, piga hesabu: ada za siku zote hizo, mafuta ya foleni ya kwenda na kurudi, na wasiwasi. Linganisha na teksi kutoka Goba mara mbili. Mara nyingi teksi inashinda, na kama haishindi, tofauti ni ndogo.

Kondakta Mstaafu

Mhasibu amenimalizia kazi. Naongeza kitu kimoja tu ambacho watu hawakihesabu: safari ya kurudi.

Ukitoka Unguja na boti ya saa kumi jioni unashuka Dar saa kumi na mbili. Jumatatu. Hiyo ndiyo saa ambayo mji mzima unatoka. Umechoka na harusi, watoto wamelala mabegani, halafu unatafuta gari kwenye jengo, unalipa, unaingia barabara ya Ali Hassan Mwinyi na kukaa Daraja la Selander ukitazama taa za breki za watu. Ukitoka na ya saa sita na nusu unashuka saa nane na nusu mchana, na saa kumi uko Goba unakunywa maji. Kwa hiyo mkuu, kata tiketi ya kurudi kwa kuangalia foleni ya Dar. Kule Unguja hakuna kitakachokuwahisha.

Msafiri wa Goba

Nashukuru sana. Nimeanza kuiona picha. Boti ya mchana sikuwa nimeifikiria kabisa.

Mnisaidie hili: mke wangu ana dada yake anakaa Kimara, na mimi nina rafiki Upanga. Wote wako tayari gari lilale kwao uani. Wapi ni bora? Kimara nikiacha gari napanda mwendokasi moja kwa moja. Upanga ni karibu na bandari lakini lazima niendeshe mpaka mjini.

Dereva wa Usiku

Mkuu, mimi naendesha teksi ya mtandaoni, njia zote hizo nazijua.

Swali lako jibu lake linategemea mwezi. Harusi ni lini? Kama ni kiangazi, Kimara ni sawa kabisa. Kama ni masika, kuanzia Machi mpaka Mei, au vuli ikichachamaa mwishoni mwa mwaka, acha gari Upanga. Sababu ni Jangwani. Morogoro Road inakatiza bonde la Msimbazi pale, na mvua kubwa ikinyesha, maji yanapanda barabarani, njia inafungwa. Si daladala wala mwendokasi wala Prado, wote mnasimama Magomeni mnatazama maji. Wakati huo wanaotokea Kinondoni na Oysterbay bado wanaingia mjini kwa Daraja la Selander au la Tanzanite. Upanga iko upande wa mjini wa lile bonde. Ukishalilaza gari pale, hakuna mto kati yako na boti.

Na ukitoka Goba kwenda Upanga, usijibane Morocco bila sababu. Ukifika Mwenge angalia ramani kwenye simu. Pakiwa pamefunga, kamata njia ya Kawe, uje Msasani na Masaki, uingie Daraja la Tanzanite. Tangu lifunguliwe 2022 limetuokoa sana sisi tunaopeleka wageni wa boti. Linakushusha pale hospitali ya Aga Khan, kwenye Barack Obama Drive, na kutoka hapo unaweza kufuata bahari, ukapita Feri, ukatokeza Kivukoni na kuja bandarini bila kugusa Posta.

Kuhusu teksi za mtandaoni nitawaambia ukweli wa upande wetu. Alfajiri madereva ni wachache, na wa Goba wengi hawataki kutoka nyumbani kwao kwenda kumchukua mtu mbali bila uhakika. Ndiyo maana mnaona mtu anakubali ombi halafu analifuta. Kwa safari ya boti msitegemee kuita gari asubuhi ile ile. Mpate dereva mnayemfahamu, mpatane bei jana yake, mpigie kabla ya kulala, mpigie mkiamka. Mwambie mna mabegi mangapi. Watu watano na mabegi manne na katoni hawaingii kwenye kigari kidogo, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia mlangoni.

Mtoto wa Feri

Na sisi wa Kigamboni tusemewe. Kwetu gari halina haja ya kuvuka. Unaliacha kwa ndugu au mahali penye mlinzi unayemwamini, unapanda pantoni kwa miguu, nauli ni shilingi 200. Ukishuka Magogoni, bandari ya boti iko ufuo ule ule. Mtu mwenye begi la mgongoni anatembea Kivukoni Front, anapita hoteli ya zamani ya Kilimanjaro, anapita Azania Front, amefika. Mwenye mizigo anaita bajaji.

Ila pantoni lina mambo yake. Kikiwa kinafanya kazi kivuko kimoja, foleni ya asubuhi Kigamboni ni ndefu. Mwenye boti ya saa moja aende mapema sana, au azunguke Daraja la Nyerere pale Kurasini. Daraja lilifunguliwa 2016, tozo ipo, lakini halisubiri kivuko kirudi.

Abiria wa Dodoma

Samahani mleta uzi nachomekea. Natoka Dodoma na treni ya SGR, nataka kuunganisha na boti siku hiyo hiyo. Inawezekana? Na stesheni mpaka bandarini nipande nini?

Kondakta Mstaafu

Inawezekana, na kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora ya kufika boti za Zanzibar kwa mtu wa bara tangu treni hiyo ianze 2024. Zamani mtu wa Dodoma alishuka Ubungo, baadaye Mbezi kwenye kituo cha Magufuli, na kutoka Mbezi mpaka bandarini ni safari nyingine kamili: daladala mpaka Kimara, mwendokasi mpaka Posta. Unaweza kutumia saa mbili ndani ya Dar baada ya kusafiri nusu siku. Treni inakuleta katikati ya mji. Stesheni na bandari vyote viko upande ule wa Sokoine Drive, bajaji au teksi ya dakika chache. Mwenye begi dogo anatembea.

Usibanane tu. Treni ya asubuhi kutoka Dodoma, boti ya saa kumi jioni. Ukitaka kulazimisha boti ya saa sita na nusu, treni ikichelewa kidogo umepoteza tiketi.

Mhasibu wa Samora

Na wanaotua uwanja wa ndege wa Nyerere wajihesabie muda. Umbali ni kilomita kama 12 tu, lakini foleni ya Nyerere Road haieleweki. Flyover ya Mfugale pale TAZARA inasaidia, ila ukishuka Kamata unaweza kukwama tena. Mtu anayetua saa tano asubuhi akate boti ya saa kumi. Hiyo ya saa sita na nusu aachane nayo.

Mpemba wa Kariakoo

Hamjambo nyote. Nimeusoma uzi wote, mengi yamesemwa vizuri. Mimi ni mtu wa kwenda na kurudi, biashara yangu iko Kariakoo na watoto wako Unguja. Naomba niseme juu ya pale getini, kwa sababu huko ndiko wageni wanakoumia hata wakifika kwa wakati.

Ukishuka kwenye gari mbele ya bandari, watakuja vijana. Wako wachukuzi wa halali, wanabeba mizigo kwa kazi, mpatane bei kabla mkono haujagusa begi. Wako na wengine watakaokwambia boti imejaa, au ofisi imehamia huku, au wana tiketi ya haraka. Usiwafuate. Kata tiketi siku za nyuma, kwenye ofisi ya kampuni yenyewe au mtandaoni, na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho. Mama awe na kitambulisho chake mkononi, kisizikwe chini ya begi. Watoto pia wawe na cheti cha kuzaliwa au nakala yake.

Mzigo wa abiria wa kawaida ni kilo 25. Ile katoni ya vyombo ipimeni nyumbani. Ifungeni kamba vizuri na iandikwe jina, kwa sababu mizigo mikubwa huwekwa pamoja na kushuka kwake Malindi ni kugombaniana.

Kwa mzee: mkifika mapema muulizeni mfanyakazi wa boti mapema hiyo hiyo, muda ule kabla watu hawajasimama. Wazee, wajawazito na wagonjwa hutangulizwa mkiwaombea nafasi. Msisubiri mpaka msukumano uanze ndipo mseme mna mgonjwa. Na ndani mketisheni sitaha ya chini, katikati, kuelekea nyuma. Mawimbi yanamtupa zaidi anayekaa mbele na juu.

Na nyie mnaosubiri, kama mna nafasi, ng'ambo ya barabara lipo lile jengo la mawe, Boma la Kale. Alilijenga Seyyid Majid bin Said miaka ya 1860, wakati anaanzisha mji huu. Yeye alikuwa Sultani wa Zanzibar. Waonyesheni watoto: safari hii ya Unguja na Dar ina umri wa mji wenyewe.

Upande wa Unguja, boti inafunga Malindi. Huko usihangaike na gari kabisa. Darajani na Forodhani ni karibu, na ndani ya Mji Mkongwe gari haipiti kwenye vichochoro. Mwenyeji wenu wa harusi aje na gari nje ya geti, mtoke mkutane naye barabarani.

Fundi wa Keko

Mpemba, swali la haraka. Kuna jamaa anataka kuvuka na gari lake lenyewe. Si angemaliza habari zote hizi za kuegesha?

Mpemba wa Kariakoo

Boti za kasi hazichukui gari, ndugu yangu. Gari inakwenda na meli kama Azam Sealink, na hiyo ina ratiba yake na mwendo wake. Halafu gari ya namba za bara ikiingia Unguja ina taratibu zake za vibali na mapato. Kwa harusi ya siku tatu hilo ni kutafuta kazi. Anayehamia au anayepeleka bidhaa, sawa.

Mama Sabra

Mleta uzi, harusi ni mwezi gani? Dereva amekuuliza hujajibu. Na kama inaangukia karibu na Idd au likizo ya Desemba kata tiketi leo, usingoje. Wiki ya Idd boti zinajaa mpaka za jioni, na mji mzima unaelekea Zanzibar.

Msafiri wa Goba

Samahani Mama Sabra, nilikuwa njiani. Harusi ni mwishoni mwa Aprili. Masika yenyewe. Kwa hiyo Kimara nimeifuta.

Nimekaa na mke wangu tumepanga hivi. Boti ya saa sita na nusu kwenda, saa sita na nusu kurudi. Gari linabaki Goba. Kuna dereva wa mtaani kwetu ana gari la watu saba, huwa anawapeleka watoto shule, tumeshapatana naye kwenda na kurudi. Tunatoka saa mbili na nusu badala ya saa tatu kwa ajili ya mvua. Njia ya kwanza ni Kawe mpaka Daraja la Tanzanite, atushushe mama na mizigo getini kisha aondoke. Rafiki yangu wa Upanga anabaki kuwa akiba: dereva akipata tatizo, naendesha mwenyewe, naliacha gari kwake, yeye anatushusha bandarini.

Dereva wa Usiku

Umepanga vizuri. Rekebisha kitu kimoja. Kwenye kurudi, usimwambie dereva akusubiri mbele ya bandari. Atafukuzwa, atazunguka, mtapoteana, na simu zenu zitakuwa na chaji ndogo. Mwambie asimame mtaa wa ndani, upande wa Samora, na asisogee mpaka umpigie mkiwa mmeshachukua mabegi yote na mama ameshakaa kwenye kiti pale nje. Ndipo aje awapakie mara moja. Na mlipe nusu ya hela siku ya kwenda, nusu nyingine siku ya kurudi.

Mpemba wa Kariakoo

Na Aprili ni mwanzo wa upepo wa kusi, bahari huchafuka. Mama apewe chakula chepesi asubuhi na dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda. Akishaanza kuhisi vibaya haimsaidii tena.

Msafiri wa Goba

Nimeandika yote. Tiketi nakata kesho asubuhi, majina nayachukua kwenye vitambulisho leo usiku.